Mbuzi wa Lodi Oldmere

Mlioshika roho tangu Jumamosi iliyopita, msiiachie bado. Mwende amesimama pale pale tulipomwacha, katika ofisi ya wakili, ghorofani juu ya duka la vitambaa Wembley. Kikombe cha chai kiko mkononi. Maneno ya baba yake mdogo bado yanamlia masikioni.

"Mbuzi wale?" Mzee Naftali alikuwa amesema, tena kwa kicheko. "Mbuzi wale si walikuwa wa baba yako!"

Chai ilimmwagikia Mwende mkononi. Hakuihisi ikimuunguza.

"Rudia, baba."

"Nirudie nini? Mbuzi wa ntheo. Huyo mzungu wako hakuwa na mbuzi, hakuwa na zizi, hakuwa na hata binamu wa kumsindikiza. Kazi yake ilikuwa kujenga mabwawa ya mchanga ya kuwekea maji, na kuungua jua. Nikamwonea huruma. Alfajiri nikatoa watatu kwa mlango wa nyuma wa zizi la ndugu yangu, nikawazungusha kwenye mahindi, nikawaingiza kwa mlango wa mbele nikiimba. Nilisimama pande zote mbili, mwanangu! Nikatoa mimi, nikapokea mimi. Mama yako akapiga vigelegele. Shughuli ilipendeza!"

Mzee alipiga goti lake kwa furaha. Alikuwa ameshuka ndege jana yake, kutoka Kitui, na hiyo ndiyo hadithi aliyotoka nayo mbali kuja kuisimulia.

Huko nje mashabiki walikuwa wakipita kwenda uwanjani, wakiimba.

Kwa Wakamba, mwanamume asiyetoa mbuzi watatu wa ntheo hana mke. Anaweza kuishi na mwanamke mpaka wote wawili wazeeke, bado yule ataitwa binti wa kwa baba yake. Tena mbuzi hao lazima watoke upande wa mume. Mbuzi wa baba mkwe kurudi kwa baba mkwe si ndoa. Ni matembezi ya mbuzi.

Na ndoa hiyo ndiyo kesi yenyewe. Mume wa Mwende, marehemu Edmund Averell, alikuwa mwana wa kwanza wa Lodi Oldmere. Edmund alimtangulia baba yake kaburini. Mwaka jana Lodi mzee naye akafa, na sasa cheo cha Baroni wa Oldmere kinamngoja mtu. Je, ni Tevin, mwana wa Edmund na Mwende? Au ni Crispin, mtoto wa ndugu mdogo wa Lodi?

Usidhani kuna jumba. Jumba liliuzwa zamani. Hakuna shamba, hakuna kiti bungeni. Limebaki jina.

Basi Mwende, mama wa watu anayejitafutia kwa kuwahudumia wazee, alifuata nini? Alifuata neno moja. Upande wa pili uliandika kwamba Tevin hawezi kurithi kwa sababu ni mtoto wa nje ya ndoa. Mwende alilisoma neno hilo akiwa jikoni, na mwanawe akiwa chumba cha pili akichekacheka kwenye simu. Akaapa atalifuta hata kama ni kwa ulimi.

Leo ulimi wa baba yake mdogo umeliandika upya.

"Mzee," alisema Deepa, wakili, akiweka kalamu chini polepole. "Nimesikia kila neno."

Deepa alizaliwa Stanmore, lakini baba yake aliuza nguo Nairobi miaka mingi, na Kiswahili cha nyumbani kwao ni cha kule kule.

"Umesikia vizuri, binti?" Naftali alifurahi. "Basi liandike hilo la kuwazungusha kwenye mahindi. Ndilo tamu."

"Natamani leo ningekuwa sijui Kiswahili."

"Kwani kuna nini?"

"Kuna hivi. Sheria ya hapa inaikubali ndoa ya kimila kama ilikamilika kwa mila ya huko ilikofungwa. Ulikuja kuapa kwamba ilikamilika kabla Tevin hajazaliwa. Sasa umeniambia mwenyewe haikukamilika."

"Lakini tulisaini hapa London!" Mwende alidakia. "Mbele ya msajili. Nina cheti."

"Mama Tevin, siku hiyo Tevin alikuwa anatembea tayari. Nilikueleza. Kwa mambo mengine yote cheti hicho kinamfanya mtoto halali. Shuleni, kwenye pasi ya kusafiria, kwenye urithi wa nyumba, kila mahali. Kwa cheo cha ukabaila, hapana. Kwa cheo wanauliza swali moja tu: siku anazaliwa, mama yake alikuwa mke?"

Naftali alianza kuelewa. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Basi mimi nitasema mbuzi walikuwa wa mzungu," alinong'ona. "Nani atawauliza mbuzi? Walishaliwa!"

"Ukiapa hivyo na mimi najua si kweli, naiacha kesi hii leo hii. Na wenzetu wa upande wa pili wako njiani."

Mwende alimgeukia Deepa. Macho yake yalikuwa na kitu ambacho hata yeye alikionea haya.

"Deepa, dada yangu. Hapo mtaani kuna duka la maziwa. Huwezi kushuka kidogo, ili usisikie?"

"Mama!"

Ilikuwa sauti ya Tevin. Kijana alikuwa dirishani, amevaa koti la kazi la rangi ya chungwa, kwa maana jioni alikuwa na zamu ya kuelekeza watu uwanjani. Siku za kawaida anasomea uhandisi. Siku za mechi anawaonyesha walevi mahali pa kukaa.

"Mama, usimwambie hivyo. Mimi sina haja ya kuitwa lodi. Wale wa kazini watanicheka mpaka nihame London."

"Si kuitwa lodi ninakotaka, mwanangu. Ni usiitwe lile jingine."

"Lile jingine haliniumi."

"Linaniuma mimi!"

Alisema kwa nguvu mpaka akajishtua mwenyewe. Akamshika kijana ukosi wa koti, akaunyoosha, ingawa ulikuwa umenyooka.

Halafu akachukua simu. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwepo siku ile na bado anapumua, mbali na Naftali.

"Unampigia nani?" Naftali aliuliza kwa wasiwasi.

"Mama."

"Aa, shemeji asisumbuliwe…"

Simu iliita Kitui. Mwende aliweka sauti ya nje.

"Mama, samahani kukusumbua. Nataka kukuuliza habari ya wale mbuzi wa ntheo yangu."

Kuku alisikika, na mlango wa bati ukigonga.

"Naftali amefungua mdomo?" aliuliza Mama Dinah.

"Amefungua."

"Nilijua tangu walipompandisha ndege."

"Shemeji, mimi niko hapa hapa nakusikia," Naftali alilalamika.

"Sikia basi! Mimi nilikuwa kipofu? Aliyetangulia ni yule jike mwenye sikio lililokatwa, niliyemkamua mwenyewe jana yake. Nikapiga vigelegele kwa mbuzi wangu mwenyewe. Ningefanyaje? Wageni wameshakaa, na msichana wangu amefurahi hivyo."

Mwende aliegemea ukuta.

"Kwa hiyo sikuolewa, mama."

"Nani kasema? Uliolewa."

"Kwa mbuzi wa baba?"

"Kwa mbuzi wa mzungu mzee."

Deepa aliinua kichwa. Tevin aliacha dirisha.

"Mzungu mzee yupi?"

"Baba yake Edmund! Yule mrefu, pua imechubuka kwa jua kama nyanya. Alikuja na pikapu, na mbuzi watatu nyuma, amewanunua mwenyewe soko la Mutomo. Walimpunja, lakini walikuwa mbuzi wazuri."

Baba mkwe yule hakuwahi kukanyaga nyumbani kwao London hata mara moja. Kwenye mazishi ya Edmund alimpa mkono uliokuwa baridi kama bomba la maji, akaondoka. Miaka yote Mwende aliamini kwamba mzee yule alimchukia.

"Mama, Lodi alikuja Kitui?"

"Alikuja. Edmund alikuwa amemsimulia habari ya Naftali na mbuzi, wakacheka kwenye simu. Wiki hiyo hiyo mzee akapanda ndege kuja kumwona mwanawe. Dereva aliyempata alikuwa Mkamba wetu. Mzee naye akamsimulia ili wacheke. Dereva hakucheka. Akamwambia, bwana, basi kijana wako hana mke. Mzee hakula chakula siku hiyo. Kesho yake akaenda sokoni."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

"Wewe ulikuwa hospitali, miguu imevimba, wamekulaza mpaka ujifungue. Edmund yuko kando yako. Mzee akasema hataki kuwasubiri. Akamwambia baba yako kupitia kwa dereva: kwetu pia mtoto lazima akute mlango umeshafunguliwa. Sitaki mjukuu wangu aje asimame nje. Baba yako akachinja mmoja saa ile ile. Wakala pamoja."

Machozi yalikuwa yakimshuka Mwende hadi kidevuni. Hakuyafuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwanangu? Kwamba miezi yote ile ulijiita mke wa mtu kumbe bado ulikuwa binti wa hapa, tena na mimba? Mzee aliomba tunyamaze, mkewe asisikie. Mimi nikaona ni heri. Aibu isiyojulikana haimsumbui mtu."

"Na mimi nilikuwa wapi siku hiyo?" Naftali aliuliza, amechukia.

"Wewe ulikuwa Mombasa ukimtafuta mke wako aliyekukimbia."

"Hilo halihusiki na kesi!"

Hata Deepa alicheka. Lakini kicheko chake kilikatika upesi, akasogea karibu na simu.

"Mama Dinah, shikamoo. Mimi ni wakili. Dereva yule yuko wapi?"

"Alikufa, marahaba. Na mume wangu pia. Nimebaki mimi."

Deepa alifumba macho. Mwende alijua kwa nini. Bibi anayemtetea mjukuu, tena aliyenyamaza miaka yote hii. Watamcheka.

"Hapakuwa na mwingine? Jirani? Mpita njia?"

"Jirani hakuna. Kulikuwa na yule kijana tu."

"Kijana gani?"

"Aliyekuja na mzee. Mtoto wa ndugu yake, nywele nyekundu kama udongo wetu. Beberu alimwangusha akachana suruali. Nikamshonea huku amejifunga leso yangu kiunoni, anaona haya, maskini. Mzee alikuwa akimwita… Kris. Krispini."

Hapo hapo kengele ya chini ikalia.

Deepa alienda dirishani akachungulia. Aliporudi alikuwa amebadilika rangi.

"Wamefika," alisema. "Crispin na wakili wake."

Shahidi pekee wa kuaminika wa ndoa ya Mwende alikuwa anapanda ngazi kuja kumshinda.

*

Crispin Averell aliingia akihema. Nywele nyekundu zilikuwa zimemkimbia, zimebaki kama nyuzi kando ya masikio. Ni mwalimu wa shule, na suti yake ilikuwa ya mwalimu wa shule. Mtu mmoja kwenye msafara wa mashabiki alikuwa amemvika skafu shingoni, naye hakuwa na ujasiri wa kuivua.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema. "Nimekumbatiwa na watu wengi nisiowajua."

Wakili wake, bibi mwenye nywele za kijivu, hakutabasamu. Alikaa, akafungua mkoba. Mazungumzo yakaanza kwa Kiingereza, Deepa akimgeuzia Naftali kwa Kiswahili.

"Tuseme jambo lililo wazi," alianza bibi yule. "Mfalme aliyetoa cheo hiki alikitoa kwa Averell wa kwanza na warithi wa kiume wa mwili wake waliozaliwa katika ndoa halali. Maneno hayo yamesimama zaidi ya miaka mia mbili. Baroni wa pili hakuwa na mtoto wa kiume, cheo kikaenda kwa mdogo wake. Wa nne alikuwa na wana watatu kwa mwanamke aliyemuoa baadaye. Hakuna hata mmoja wao aliyerithi. Kilivuka kikaenda kwa binamu. Sheria haikuwaonea huruma Waingereza. Haiwezi kuanza na huruma leo."

"Averell wa kwanza alifanya nini mpaka akapewa?" Naftali aliuliza.

Crispin alikohoa. "Aliuzia jeshi la wanamaji biskuti."

"Nzuri?"

"Zilikuwa na wadudu. Lakini mfalme hakuzila yeye."

Naftali alicheka kwa sauti, akamwelekezea bibi kidole.

"Wakili, mmeandika kwamba mbuzi watatu ni mila isiyoeleweka. Nyinyi mnamfuata muuza biskuti aliyekufa kabla ya reli. Nani haeleweki hapo?"

Deepa alitafsiri, tena bila kupunguza. Crispin alijaribu kuficha tabasamu. Bibi hakuwa na la kuficha.

"Tulielezwa kwamba Bwana Naftali ataapa leo," alisema. "Tuko tayari."

Deepa alimtazama Mwende. Naftali alitazama dari.

Mwende akasimama. Hakuwa amepanga kusimama. Miguu iliamua yenyewe.

"Hataapa," alisema. "Mbuzi wa kwanza hawakuwa wa Edmund. Walikuwa wa baba yangu."

Deepa alishika kichwa. Bibi yule alishika kalamu mbio.

"Mama!" Tevin alisema.

"Acha niseme. Lakini walikuja mbuzi wengine." Akamgeukia Crispin. "Wewe unajua. Mama yangu alikushonea suruali."

Crispin aligeuka mweupe, kisha mwekundu, kisha mweupe tena.

"Usijibu," alisema wakili wake.

"Nilikuwa nimelazwa hospitali," Mwende aliendelea. "Sijawahi kukuomba kitu, hata ulipokuja kumzika Edmund. Leo nakuomba. Mzee alipowatoa wale mbuzi kwenye pikapu, mwanangu alikuwa amezaliwa au hajazaliwa?"

"Nasema tena, usijibu."

"Mteja wako ana mdomo wake," Deepa alimjibu bibi.

"Na mimi ninalipwa kuufunga!"

Crispin alivua skafu ile, akaikunja kwenye mapaja yake kama anayekunja nguo za mtoto.

"Hajazaliwa," alisema.

Mwende alimtazama mwanawe.

"Bwana Averell!" Wakili wake alisimama. "Unajua umefanya nini?"

"Najua. Ulikuwa umelazwa, Mwende. Mzee aliuliza jina la wodi. Alitaka kuja kukuona, akaogopa. Mama yako ni mtu mwema sana. Sikuwahi kumsahau."

Naftali hakungoja kutafsiriwa. Aliona uso wa Mwende, akaanza kupiga makofi. Deepa alikuwa anaandika. Neno lile lilikuwa limefutika. Mwende alikuwa mke. Mwanawe alizaliwa na mke.

Lakini Crispin hakuwa amemaliza.

"Msiandike bado," alisema. "Tafadhali."

Makofi yalikatika.

"Nikiyasema haya rasmi nitaapa. Nikiapa, wakili yeyote mwenye akili ataniuliza siku ile Mzee alisema nini kingine. Nami siwezi kuapa nusu nikaacha nusu. Kuna neno aliniambia tukiwa garini, tukirudi kutoka kwenu."

"Neno gani?"

"Neno ambalo lingenipa cheo hiki bila hata kuwataja mbuzi. Ningeweza kulisema tangu siku aliyokufa. Sikulisema; niliona afadhali tugombee ndoa kuliko hilo. Hata huyu wakili wangu halijui."

Bibi mwenye nywele za kijivu alikaa taratibu, kama mtu aliyevutiwa kiti.

Fikirini. Mtu huyu waliyemwita mwizi wa jina, miezi mingi sasa, alikuwa na ufunguo mfukoni muda wote. Hakuutia kwenye kufuli.

"Neno hilo linamhusu nani?" Mwende aliuliza.

"Edmund."

"Edmund alifanya kosa gani?"

"Hakufanya kosa, Mwende. Alizaliwa tu."

Deepa ndiye aliyefahamu wa kwanza. Aliacha kalamu ibingirike mpaka ikaanguka chini.

"Cheo kinafuata damu," alisema kwa Kiswahili, polepole, akimtazama Mwende peke yake. "Ndoa halali na damu, vyote viwili. Anataka kusema kwamba Lodi mzee hakuwa baba mzazi wa Edmund."

"Sijasema hivyo," Crispin alijibu alipotafsiriwa.

"Hujakataa pia."

Hakukataa.

Mwende aliona mambo mengi kwa mara moja. Alimwona mzee mwenye pua iliyochubuka, anapunjwa sokoni kwa ajili ya mtoto asiye wake. Aliona mkono ule wa baridi kwenye mazishi, na sasa akaelewa labda haukuwa wa chuki. Alimwona Edmund katika kitanda chake cha mwisho, anamwambia Tevin kwa majivuno, wewe ni Averell, simama wima.

Edmund wake hawezi kujitetea. Hawezi kunyanyuka kaburini aseme neno.

"Sikiliza, Crispin," alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo lilimwogopesha Naftali kuliko kilio. "Mimi sikuja kutafuta cheo. Nilikuja kufuta neno. Upande wenu uandike tu kwamba mnaondoa lile mlilosema juu ya mwanangu, kwamba nilikuwa mke siku alipozaliwa. Sisi tunaondoa kesi. Hakuna kiapo, hakuna maswali. Cheo kichukue wewe. Na lile la garini likazikwe na aliyelisema."

"Mwende…"

"Uliniwekea siri ya mume wangu. Endelea kuniwekea."

Macho ya Crispin yalijaa. Aliunyoosha mkono juu ya meza.

"Nakubali."

Wakili wake alivuta pumzi ya mtu aliyeokolewa majini. Naftali aliguna, kwa maana alikuwa ameshaanza kuizoea habari ya kuwa babu wa lodi. Mwende aliushika mkono ule.

"Deepa, andika."

Deepa hakuandika.

"Deepa?"

"Samahani, Mama Tevin." Wakili alisema kwa upole, kama anayemwamsha mtoto. "Wewe huwezi kuiondoa kesi hii. Anayekidai cheo si wewe. Mteja wangu ni Tevin."

Wote wakamgeukia kijana.

Alikuwa akimtazama Crispin, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma kibao barabarani akiwa mbali.

"Tevin, mwambie unakubali," Mwende alisema. "Mwenyewe umesema hutaki kuitwa lodi."

"Sitaki."

"Haya basi."

"Cheo akichukue. Hata leo. Lakini wewe umepata lako, mama. Umepata ulichokuja kukitafuta, na nimefurahi, walahi nimefurahi. Mimi bado."

"Wewe unataka nini?"

"Tangu nikiwa mdogo naambiwa mimi ni nusu ya kule na nusu ya huku. Ya kule naijua. Nina nyanya anayenitukana kwenye simu, nina babu huyu hapa. Ya huku nimekuwa nikiisoma kwenye picha ukutani. Sasa naambiwa picha zile si zangu."

"Mwanangu, achana nayo. Baba yako alikuwa baba yako. Inatosha."

"Inakutosha wewe."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana ilimkata Mwende vile.

Tevin alimgeukia Crispin. "Garini mle, Mzee alitaja jina?"

"Tevin, hakuna haja…"

"Alilitaja au hakulitaja?"

Crispin alimtazama Mwende, kama anayeomba ruhusa. Mwende alitikisa kichwa: usiseme. Alitikisa tena, kwa nguvu zaidi, machozi yakiruka. Mkono wa Crispin ulikuwa bado ndani ya mkono wake, naye akaubana kana kwamba jina lile lingetokea kwenye vidole.

"Alilitaja," alisema Crispin.

"Litaje."

"Nikilitaja halitarudi."

"Mimi ndiye mteja," Tevin alisema. Akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na binamu wa baba yake. "Litaje."

Crispin aliutoa mkono wake kutoka kwa Mwende, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kwanza nijibu kitu kimoja," alisema. "Dunia ni kubwa, na ukame uko nchi nyingi. Baba yako aliwahi kukueleza kwa nini alichagua kwenda Kitui?"

Tevin alimtazama mama yake. Na Mwende, ambaye maisha yake yote ya ndoa aliamini kwamba mumewe alikwenda Kitui kwa ajili ya maji tu, alianza kutafuta mahali pa kukaa.